Vigae vya mawe asilia bafuni: namna ya kuchagua, kuweka na kutunza

Kabla hujalipa hata shilingi moja, pita sokoni ununue ndimu. Dukani omba kipande kilichovunjika cha jiwe unalolitamani, kamulia tone moja upande uliong'arishwa, subiri dakika tano, futa, kisha kiinamishe kwenye mwanga wa dirisha. Ukiona baka lisilong'aa pale tone lilipokaa, jiwe hilo lina chokaa ndani yake: ni marumaru, travertini, au jiwe chokaa la kawaida. Usipoona kitu, basi huenda ni graniti, basalti au sleti nzuri.

Baka hilo halina maana kwamba marumaru haifai bafuni. Lina maana kwamba limau, siki, dawa ya choo na hata mkojo vitaacha alama ileile siku vikidondoka sakafuni kwako. Jiwe la bafuni halichaguliwi kwa picha. Huchaguliwa kwa maji ya bomba lako, kwa watu wanaooga humo, na kwa dawa ambayo anayesafisha ameizoea. Ukiyatazama hayo matatu kwanza, jiwe zuri litakaa miongo. Ukianza na rangi, utakuja kumlilia fundi wa kung'arisha mawe akurekebishie.

Hatua ya 1: Lijue bafu lako

Anza na maji. Visima vingi vya Pwani na visiwani hutoa maji yenye chumvi na chokaa. Tazama sufuria unayochemshia maji ya kuoga, au ncha ya bomba la mvua: ukoko mweupe ukijijenga upesi, maji yako ni magumu. Ukoko huo kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kaboneti, yaani kitu kilekile kilichoumba marumaru. Hapo ndipo tabu ilipo. Dawa yoyote inayoyeyusha ukoko itayeyusha na jiwe lililo chini yake. Mwenye maji magumu anayetaka marumaru sehemu ya kuogea lazima awe tayari kukausha ukuta kila baada ya kuoga, au achague graniti.

Chumvi nayo ina kazi yake. Maji ya chumvi yakiingia ndani ya jiwe lenye vinyweleo kisha yakakauka, chumvi hujikusanya karibu na uso na kuusukuma. Kwanza utaona unga mweupe, baadaye jiwe linaanza kumenyuka.

Kisha tazama watu. Kuna mzee anayeoga kwa ndoo na kopo, akimwaga maji sakafu nzima? Kuna watoto? Nyumba ina bibi harusi mtarajiwa, hina, manjano na mafuta ya nazi? Choo ni cha kukaa au cha kuchuchumaa? Kuzunguka choo cha kuchuchumaa mimi sikubali jiwe lolote lenye chokaa, hata lipendeze vipi. Pale kuna maji, mkojo na dawa kali kila wiki. Weka graniti, hiyo ndiyo stahili yake.

Hatua ya 2: Aina za mawe na tabia zake

Marumaru ndiyo wengi wanaitamani. Madukani kwetu kuna ya India, Uturuki, Italia, Hispania na Omani, na ya hapa nyumbani pia: Kajiado kule Kenya na Morogoro kule Tanzania kuna marumaru. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, kinachoanzia 1 hadi 10, madini yake makuu yako kwenye 3. Mchanga wa kawaida uko kwenye 7. Kwa hiyo mchanga unaoingia na kandambili hukwaruza marumaru, na ukisugua kwa unga wa kusafishia sufuria unajikwaruzia mwenyewe. Marumaru nyeupe nyingine ina chembe za chuma ndani. Ikikaa na maji miezi mingi hugeuka manjano au kahawia kutoka ndani, na hakuna sabuni itakayoitoa. Ile ya kijani ina kichekesho kibaya zaidi kwa fundi: aina nyingi hupinda zikinyonya maji ya gundi ya saruji. Hiyo hubandikwa kwa gundi ya epoksi, ambayo haichanganywi na maji, au huachwa dukani.

Graniti ni ngumu, haiogopi ndimu, na nyingi hunywa maji kidogo sana. Kwa sakafu ya bafu la familia ndiyo chaguo langu la kwanza. Ubaya wake ni kwamba ikiwa imeng'arishwa na ina maji ya sabuni, inateleza vibaya mno.

Travertini ina matundu ya asili. Matundu hayo hujazwa kiwandani, na bafuni kile kijazio hutoka polepole, kikiacha vishimo vya kukusanya uchafu. Iweke ukutani mbali na maji. Sleti ina mshiko mzuri chini ya unyayo, lakini ile dhaifu hubanduka tabaka kwa tabaka. Ikwaruze kwa ukucha pembeni, ikitoa maganda iache.

Kuna mawe ya kwetu yanayostahili kufikiriwa zaidi kuliko tunavyofanya. Jiwe la Galana na la Mazeras, yote ya Pwani ya Kenya, watu huyaweka kwenye bwawa la kuogelea na varanda, kwa kuwa hayatelezi. Kwenye bafu lenye dirisha kubwa yanapendeza sana, ila hunywa maji, hivyo yanahitaji dawa ya kuziba vinyweleo na hewa ya kutosha. Jiwe la sabuni la Kisii, lile linalochongwa Tabaka, haliliwi na asidi na halinywi maji kirahisi. Ulaini wake ndio unaolizuia sakafuni, lakini kwa beseni la kunawia mikono na kipande cha ukuta ni zuri mno. Na jiwe la matumbawe? Hamamu ya Kidichi, Unguja, iliyojengwa mwaka 1850 enzi za Seyyid Said, ni ya matumbawe na chokaa, lakini waashi wale hawakuyaacha matumbawe wazi. Waliyafunika kwa lipu ya chokaa. Matumbawe yamejaa matundu. Wewe pia usiyaache wazi kwenye maji.

Hatua ya 3: Vipimo vya dukani

Geuza kigae nyuma. Kigae cha poselini chenye picha ya mawe huuzwa kwa jina la marumaru kila siku. Si kibaya, lakini bei na matunzo yake ni mengine. Jiwe la kweli lina mishipa inayopenya hadi nyuma na ubavuni, na hutapata vigae viwili vinavyofanana kabisa. Ukikuta wavu umegandishwa nyuma kwa resini (gundi ngumu ya plastiki), jua jiwe ni dhaifu, na pia jua gundi ya saruji haishiki vizuri juu ya resini. Muulize fundi wako kama ana gundi inayofaa kabla hujanunua.

Dondosha maji matone matatu juu ya jiwe kavu, subiri dakika kumi. Yakibaki juu kama yalivyo, jiwe ni zito na limeshikamana. Yakiacha duara jeusi, linanyonya, na utalihudumia zaidi. Kwa graniti nyeusi ongeza jaribio moja: lowesha kitambaa cheupe kwa asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, usugue. Kitambaa kikitoka cheusi, jiwe limepakwa rangi, na rangi hiyo itapauka.

Mwisho gonga kwa funguo. Sauti iwe kali na safi. Sauti iliyopasuka ni dalili ya ufa ndani ya jiwe.

Hatua ya 4: Uso wa jiwe na ukubwa wa kigae

Kwa sakafu usichukue uso wa kioo. Chukua uliosuguliwa ukaachwa bila mng'ao, au uliochomwa moto kwa graniti. Jaribu kwa mguu wako: weka kipande chini, mwagia maji ya sabuni, kanyaga peku na usukume unyayo mbele. Mguu ukiondoka bila ubishi, kipande hicho ni cha ukutani. Uso usiong'aa una faida nyingine kwa marumaru: alama za asidi hazionekani sana.

Sehemu ya kuogea weka vigae vidogo, vya sentimita 10 au chini ya hapo. Viungo vingi hushika unyayo, na vigae vidogo hufuata mteremko wa kuelekea tundu la maji bila kukatwa mishazari. Vigae vikubwa viende ukutani.

Hatua ya 5: Hesabu na uzito

Chukua bafu la mita 2 kwa 1.8. Sakafu ni mita za mraba 3.6. Kuta zikivaa mawe hadi mita 2.1, ni mita za mraba 15.96, toa mlango wa 0.8 kwa 2.1, inabaki 14.28. Jumla ni 17.88. Ongeza asilimia 15 ya kukatwa, kuvunjika na akiba, unapata takribani mita za mraba 21. Nunua zote siku moja, kwa shehena moja. Ukirudi miezi mitatu baadaye jiwe litakuwa limetoka sehemu nyingine ya mlima, na rangi haitalingana.

Jiwe la unene wa milimita 10 lina uzito wa kilo 27 hivi kwa mita ya mraba. La milimita 20 ni mara mbili yake. Kwa mita zako 21 za milimita 10, mzigo ni zaidi ya kilo 560. Ukuta wa tofali au bloku unaubeba. Ukuta wa jipsamu bodi ya kawaida bafuni usiubebeshe.

Hatua ya 6: Kilicho chini ya jiwe

Hapa ndipo pesa hupotea, kwa sababu hapaonekani. Mabafu mengi yaliyoharibika hayakuharibiwa na jiwe. Maji yalipenya kwenye viungo, yakakuta sakafu isiyo na kinga, yakakaa chini ya vigae yakichafua jiwe kutoka tumboni, na chumba cha chini dari likaanza kuvimba.

Mteremko utengenezwe kwenye saruji ya chini, usitengenezwe kwa gundi. Sentimita 1.5 kwa kila mita, kuelekea tundu la maji, zinatosha: eneo la kuogea la mita 1.2 linashuka sentimita 1.8. Fundi apime kwa pima maji mbele yako, kisha mwaga ndoo ya maji uangalie kama kuna dimbwi linalobaki. Saruji hiyo iachwe ikauke. Wiki nne ndiyo desturi njema, ingawa mafundi wengi watakuharakisha.

Kisha dawa ya kuzuia maji. Tabaka mbili, la pili likipakwa kukata la kwanza, na kwenye kona za sakafu na ukuta ibandikwe tepu ya kitambaa kabla, maana pale ndipo nyufa huanzia. Ukutani dawa ipande angalau sentimita 15 kuzunguka chumba, na kwenye eneo la kuogea ifike juu ya kichwa cha mtu. Ikikauka, ziba tundu, jaza maji ya kina cha sentimita mbili tatu, weka alama ya penseli ukutani na uache saa 24. Maji yakiwa yameshuka chini ya alama kuliko mvuke unavyoweza kueleza, au dari la chini likilowa, paka upya. Usikubali fundi aanze kubandika kabla ya jaribio hilo. Ni siku moja tu, na ndiyo siku muhimu kuliko zote katika kazi hii.

Hatua ya 7: Kubandika

Panga vigae vikavu sakafuni sebuleni kwanza, ukichanganya kutoka maboksi mbalimbali. Tembeza macho. Vyenye baka zito vipeleke nyuma ya mlango, vyenye mishipa mizuri vikae unapoingilia. Fundi hawezi kukuamulia ladha yako, na akishabandika haibanduki tena.

Kwa jiwe la rangi nyepesi tumia gundi nyeupe. Gundi au saruji ya kijivu huonekana kupitia marumaru nyeupe, ikaifanya kama yenye kivuli. Gundi itandazwe kwa mwiko wenye meno, na nyuma ya kigae nako kupakwe tabaka jembamba. Kataa kabisa ule mtindo wa kuweka mabonge matano, moja kila kona na moja katikati. Bafuni gundi inatakiwa iguse asilimia 95 ya mgongo wa jiwe; mabonge huacha mashimo, maji hukaa humo, na kigae hupasuka mguu wa kiti ukikiangukia. Ukitaka kuhakiki, mwambie fundi ainue kigae kimoja kibichi mara baada ya kukibandika. Kikitoka na gundi nyuma nzima, endeleeni.

Kukata graniti kwa grinda kavu kunatoa vumbi la silika linaloharibu mapafu bila kuponyeka. Wakate kwa maji, wavae barakoa. Fundi wako ana watoto nyumbani. Nunua barakoa wewe kama yeye hana.

Viungo viwe milimita 2 hadi 3, na grauti, yaani kijazio cha viungo hivyo, isiwe yenye mchanga kwa marumaru iliyong'arishwa, maana mchanga utaikwaruza. Jiwe linalonyonya lipakwe sila (dawa ya kuziba vinyweleo) mara moja kabla ya grauti, la sivyo rangi ya grauti itaingia kwenye jiwe na kubaki humo. Kwenye kona zote, pale ukuta unapokutana na sakafu au na ukuta mwingine, usiweke grauti; weka silikoni. Chagua ile isiyo na asidi. Silikoni inayonuka siki ikikauka inafaa vioo, na inachoma marumaru.

Hatua ya 8: Kupaka sila

Sila ya mawe ni dawa inayopenya ndani na kuziba vinyweleo, jiwe likabaki na sura yake. Ile inayokaa juu kama vanishi usiiweke bafuni. Mvuke huiinua ikachanika.

Acha bafu likae bila maji siku mbili tatu baada ya grauti kukauka. Jaribu kwanza kwenye kipande cha akiba, maana sila nyingine hukoleza rangi ya jiwe. Paka kwa kitambaa au brashi eneo dogo, subiri dakika zilizoandikwa kwenye kopo, kwa kawaida 5 hadi 10, kisha futa yote iliyobaki juu hadi kitambaa kitoke kikavu. Ikikaukia juu itaacha ukungu unaonata, na kuuondoa ni kazi. Rudia mara ya pili kwa jiwe linalonyonya. Saa 24 bila maji. Graniti nyeusi iliyoshikamana, ambayo matone ya maji yalibaki juu yake dukani, huenda haihitaji sila kabisa.

Shika neno hili: sila huchelewesha doa, haizuii asidi. Marumaru iliyopakwa sila bora kabisa bado italiwa na ndimu.

Hatua ya 9: Usafi wa kila siku

Sabuni ya maji isiyo kali, maji ya uvuguvugu, kitambaa laini, kusuuza, kukausha. Basi. Mpira wa kukaushia vioo utundikwe kwenye msumari bafuni, na kila anayemaliza kuoga avute maji ukutani na sakafuni. Kazi hiyo ya nusu dakika huzuia ukoko, huzuia ukungu mweusi, na hupunguza kuteleza. Dirisha libaki wazi.

Visivyoingia kwenye bafu la mawe yenye chokaa: siki, ndimu, dawa ya kuondoa ukoko, dawa ya choo nje ya bakuli, unga wa kusugulia, na waya wa kusugulia sufuria, ambao pia huacha vipande vinavyoota kutu. Jiki huchosha sila na grauti. Usiifanye ya kila siku. Na usichanganye kamwe jiki na dawa ya choo yenye asidi, kwa jiwe lolote na kwa bafu lolote, kwani hutoa gesi ya klorini ambayo huumiza na inaweza kuua kwenye chumba kidogo. Chupa ya dawa ya choo isimame ndani ya sahani ya plastiki, maana pete ya mviringo iliyochorwa sakafuni na chupa inayovuja haifutiki kwa kitambaa.

Anayekusaidia kazi za nyumbani aambiwe haya kwa kuonyeshwa, si kwa kufokewa baadaye. Mchukue, mwekee tone la ndimu kwenye kipande cha akiba, aone mwenyewe.

Hatua ya 10: Madoa

Mafuta ya nazi, hina na manjano ndiyo wageni wakubwa wa mabafu yetu. Usisugue. Doa liko ndani ya jiwe, kwa hiyo linavutwa.

Kwa hina na manjano kwenye jiwe jeupe, changanya baking soda na haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa hadi mchanganyiko uwe mzito kama dawa ya meno. Tandaza juu ya doa, unene wa nusu sentimita, uzidi kingo za doa kidogo. Funika kwa nailoni, bandika kingo kwa tepu, acha saa 24. Ondoa nailoni, acha dawa ikauke yenyewe kabisa, maana ni wakati wa kukauka ndipo inaponyonya. Kwangua kwa kipande cha plastiki, suuza, tazama jiwe likishakauka. Doa la zamani huhitaji kurudiwa mara mbili au tatu. Peroksaidi hupausha, hivyo usiiweke kwenye jiwe jeusi.

Kwa mafuta, tumia baking soda na maji kwa njia hiyohiyo. Yakigoma, badili maji kwa asetoni, dirisha wazi na moto mbali. Kutu ndiyo ngumu kuliko yote. Dawa nyingi za kutu ni asidi na zitaliumiza jiwe. Mwite fundi wa mawe.

Baka lisilong'aa la asidi si doa, ni kidonda. Kwenye marumaru iliyong'arishwa, alama ndogo huondoka kwa unga wa kung'arishia marumaru na kitambaa kibichi. Kubwa husuguliwa upya kwa sahani za almasi, kuanzia zenye kukwaruza sana hadi laini, na hiyo ni kazi ya mafundi wa kaunta na mawe ya makaburi, ambao wana mashine na mkono wa kazi hiyo.

Ukaguzi

Kila miezi sita dondosha tena maji sakafuni. Yakiacha duara jeusi ndani ya dakika kumi, osha, kausha, paka sila upya. Kwa bafu linalotumika sana huwa ni kila mwaka mmoja hadi mitatu, lakini lisikilize tone la maji, si kalenda. Silikoni iliyoota weusi kwa ndani haisafishiki: kata yote kwa wembe, kausha siku nzima, weka mpya. Grauti iliyobomoka ijazwe mara moja. Gonga vigae vya eneo la kuogea kwa kifundo cha kidole. Panapolia tupu, gundi imeachia, na kigae hicho kitolewe kabla maji hayajajua njia. Ndipo zile mita mbili tatu za akiba ulizohifadhi stoo, zikiwa zimeandikwa jina la duka na tarehe ya kununua, zitakapofanya kazi yake.